Sisimizi Moto Uani kwa Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa anacheka sisimizi walipompanda. Hilo ndilo lililomkaa mumewe moyoni kuliko yote. Alikuwa amesimama uani, mikono miwili kwenye bomba la kujishikia, akisimulia kisa cha mwanafunzi wake wa zamani aliyekula chaki akidhani ni pipi. Baba Pacha alikuwa anamfuata nyuma, mikono mbele, kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Akainamisha macho kuangalia unyayo unavyokanyaga, akaona soksi nyekundu. Mkewe hakuwa amevaa soksi.

"Mama! Toka hapo!"

"Nitoke wapi na sijamaliza? Basi mtoto akaja mbele na mdomo mweupe pe..."

Hakumngoja amalize. Alimkamata kiunoni, akamnyanyua mzimamzima, akaenda kumkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni. Kisha akapiga magoti na kuanza kumpangusa mguu kwa viganja. Walikuwa sisimizi wadogo, rangi ya kutu, wameng'ang'ania ngozi kama waliogandishwa kwa gundi. Kadhaa wakahamia kwake. Alipochomwa katikati ya vidole aliona kama mtu amemzimia kijiti cha kiberiti kwenye nyama, akapiga yowe.

Mama Pacha akainama. Akautazama mguu wake wa kushoto, uliokuwa umeanza kufura, akamtazama mumewe anayepuliza vidole, akarudi kwenye mguu. Kicheko kikamkauka.

"Wamekuuma sana?" aliuliza.

"Mimi? Wewe ndiye umeumwa!"

"Mimi sijasikia kitu," alisema.

Kiharusi kilikuwa kimemwangusha kabla ya mvua, akiwa anaanika nguo. Mdomo uliopinda ulinyooka. Mkono ulirudi, mzito kidogo. Ulimi ulirudi wote, na kwa maelezo ya mumewe ulirudi na nyongeza. Mguu wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Uzito ulibeba, lakini habari haukuwa nayo. Ungeuchovya kwenye maji baridi, ungeupiga kibao, ungeutekenya, wenyewe kimya. Daktari wa mazoezi, binti mmoja mwenye mikono ya kubeba zege, alisema mguu huo ni kama mtu aliyezimia, wasichoke kumwita. Mama atembee kila siku, na atembee pekupeku, akanyage udongo, akanyage majani, akanyage saruji, hadi unyayo ukumbuke. Na kwa kweli viatu vyenyewe vilikuwa shida. Ndara ilikuwa ikimvuka, yeye anaendelea mbele na stori zake, ndara imebaki nyuma kama mtoto aliyesusa.

Baba Pacha alikuwa fundi mwashi tangu ujana. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kadiri pacha wao walivyokua. Sasa pacha wenyewe walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake, na kilichobaki mtaani ni jina tu: Baba Pacha, Mama Pacha. Siku mkewe aliporuhusiwa kutoka hospitali, fundi alichimbia nguzo uani, akafunga bomba la chuma kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye tangi la maji. Alilipima lifike kiunoni kwa mkewe, akalisugua kwa msasa lisimkwaruze viganja. Mama Pacha alilitazama, akapitisha kidole juu yake.

"Hata siku unanichumbia hukujipanga hivi," alisema.

Kando ya bomba hilohilo ndipo sisimizi nao walipojenga. Udongo wao ulikuwa laini kama uliochekechwa, umetuna kidogo tu, kama bakuli lililofudikizwa. Mtu angeupita bila kuuona. Yeye mwenyewe alikuwa ameupita siku zote hizo akidhani ni mchanga wake uliosalia.

Kulipokucha, mguu wa Mama Pacha ulikuwa umejaa vilengelenge, kila kimoja na kichwa cheupe. Baba Pacha aliviosha kwa maji na sabuni, akavifunika kwa kitambaa cha baridi. Vyake mwenyewe vilimwasha mpaka akatamani kuvipasua kwa kisu. Mkewe hakuwashwa na chochote. Hapo ndipo fundi alipoona shida ilivyo kubwa, maana alipomwambia twende tukatembee kidogo, upande ule wa mbali, mkewe alitikisa kichwa.

"Tunautembeza wa nini?" alisema. "Mguu hata kuungua haujui. Ningekuwa nimekanyaga makaa ningekuwa bado nasimulia habari za chaki."

"Daktari alisema..."

"Daktari ana miguu yake, Baba Pacha. Niache nikae."

Akakaa. Akakaa siku ile na iliyofuata, kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni pa jikoni, mguu juu ya stuli. Baba Pacha hakujua namna ya kumbembeleza mtu. Alichojua ni kazi ya mikono, kwa hiyo akaamua kuwafuata sisimizi.

Jirani, dereva wa lori aliyestaafu, alitokeza kichwa juu ya ukuta kama kawaida yake. Mtu huyu hakuwahi kukosa jibu.

"Hao siafu, hao," alisema. "Dawa yao petroli. Chimba, mwaga, basi. Usiwashe moto tu, nyumba itakwenda nao."

Baba Pacha alikuja na beleshi na kidumu. Pigo la kwanza tu, kichuguu kikachemka. Walitoka kwa wingi ambao udongo ule mdogo usingeweza kuuficha, wakapanda beleshi, wakapanda mpini, wakafika kwenye viwiko kabla hajajua aanzie wapi. Alimwaga petroli nusu kwenye shimo na nusu kwenye suruali yake. Akatupa beleshi, akaruka mguu huu, akaruka mguu ule, akajipiga mapajani, akavua shati na kulikung'uta hewani.

Mlangoni pa jikoni kukasikika sauti.

"Baba Pacha! Hiyo harusi ya nani?"

Aligeuka. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Tangu siku ya soksi nyekundu hakuwa amecheka. Fundi, kifua wazi, ananuka petroli, anaungua kila mahali, akaruka tena mara mbili bila sababu, makusudi, ili aendelee.

Furaha ile ilikuwa ya muda. Wiki haikuisha kabla vichuguu vipya havijaibuka, kimoja kwenye kona ya tangi, kingine ubavuni mwa bomba la maji machafu, na kingine kikajishikiza palepale kwenye kizingiti cha jikoni, chini ya ufa mdogo kwenye saruji aliyoimwaga yeye mwenyewe. Alipofukua walihama. Jirani alichungulia, akakohoa, akasema labda petroli haikutosha.

Mama Pacha ndiye aliyeanza kuwatazama kwa makini. Hakuwa na kingine cha kutazama, na miaka yote ya kusimamia darasa la kwanza ilikuwa imempa jicho la kuona nani anafanya nini na nani anajificha.

"Hawa si siafu," alisema asubuhi moja, chai mkononi. "Siafu wangepita na msafara wao tukasahau. Hawa wamehamia, wana makazi. Na si wale sisimizi maji moto, maana hao wanashona majani huko juu ya miti. Niletee chupa."

"Chupa ya nini?"

"Nataka kuwaona uso."

Baba Pacha akapaka mafuta ya kupikia ukingoni mwa chupa ya jamu wasipande, akachokoa kichuguu kwa kijiti kirefu, akakidumbukiza kijiti ndani na kufunika. Wakakaa mezani vichwa vimegusana, miwani ya kusomea ya mkewe ikipita kutoka pua hii kwenda pua ile.

"Ona, hawalingani," alisema Mama Pacha. "Huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu wa kati, na wametoka shimo moja. Wekundu mbele, tumbo jeusi. Na kile kichuguu chao, umeona tundu juu?"

Alifikiri. "Hakina tundu."

"Hakina. Wanatokea chini kwa chini. Nenda kaulize dukani, uwaambie hivyo hivyo nilivyokwambia. Usije ukasema tu ni wadudu wekundu."

Duka la pembejeo lilikuwa njia panda, limejaa magunia ya mbolea na harufu ya kukata pumzi. Muuzaji, mama mjamzito aliyekaa nyuma ya kaunta na feni ya mkononi, aliinua chupa ile kwenye mwanga. Baba Pacha akarudia maelezo ya mkewe kama mtoto anayeghani shairi.

"Ukikichokoza kichuguu wanatoka wote kwa mkupuo?"

"Kama wameitwa."

"Na walipokuuma, kesho yake pakatunga lengelenge lenye usaha?"

Akanyoosha mkono kumwonyesha.

"Pole, mzee wangu. Sisimizi moto hao. Kuna aliyevimba midomo au kubanwa pumzi? Ikitokea hivyo msingoje, mnakimbia hospitali."

"Hapana, hilo hapana."

"Haya. Umewafanya nini mpaka sasa?"

Alipotaja petroli, muuzaji aliweka feni chini. "Wenzako wote wanaanzia hapo. Umeua askari, ukachafua udongo, malkia yuko chini kabisa, wamemshika mkono wamemhamisha. Yeye ndiye anayezaa. Asipokufa yeye, unajichosha."

Akamtolea chambo, chembechembe za njano zenye harufu ya mafuta. Sisimizi watazidhania chakula, alisema, watazibeba wenyewe hadi kwa malkia. Ndani mna sumu ya polepole. Asiwachokoze tena hata kidogo. Asimwage juu ya kichuguu, anyunyize kukizunguka. Udongo uwe mkavu, pasiwe na dalili ya mvua, jua lisiwe kali. Kwanza aweke kipande cha kitu chenye mafuta, aone kama wanatoka kutafuta; wasipotoka, asipoteze dawa. Mikono isinuke petroli. Watoto na kuku wakae mbali.

"Halafu?"

"Halafu unakaa."

"Nakaa?"

"Unakaa, mzee. Wiki moja, mbili, tatu. Hiyo ndiyo ngumu."

Baba Pacha alirudi nyumbani na pakiti yake, akayasema yote, na mkewe akamsikiliza huku anakunja vidole vya mkono mzito, kimoja kimoja, kama zoezi. Alipofika kwenye kipande chenye mafuta, Mama Pacha akasema kuna viazi vya kukaanga vilivyobaki.

"Utaweka wapi?" aliuliza.

"Kando ya kila kichuguu."

"Vyote umeviona?"

"Nimeviona."

"Nyuma ya nyumba umetazama? Kule kwenye kamba ya nguo?"

Kule kwenye kamba ya nguo ndiko alikoanguka. Tangu siku ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda huko. Nguo zilianikwa juu ya bomba la mazoezi.

"Wewe huwezi kuviona," alisema mkewe. "Kimoja ulikipita kila siku ukidhani ni mchanga wako. Nipeleke."

Fundi aliingia ndani, akatoka na gambuti zake za kazini, akamvika mguu wa kushoto, akakifunga kiatu kwa kamba ya katani chini ya goti kisimvuke. Akapaka poda ya mtoto pande zote za gambuti, maana aliwaza sisimizi wakiteleza hawatapanda. Mguu wa kulia nao akauvika. Mama Pacha akajitazama.

"Nafanana na zimamoto."

"Shika bega."

Walikwenda hatua ndogo ndogo, mkono wake mzito begani kwa mumewe, ule mzima ukutani. Mara moja goti lilimlegea, Baba Pacha akamdaka, wakasimama wakipumua. Walipofika pembeni mwa nyumba Mama Pacha akasimama akiitazama kamba. Kibanio kimoja cha nguo kilikuwa bado kinaning'inia.

"Palikuwa hapa," alisema.

"Palikuwa hapo."

"Nakumbuka shuka lako la bluu. Halafu sikumbuki." Akavuta pumzi. "Kile pale. Karibu na nguzo. Ulikiona?"

Hakuwa amekiona. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Viazi viliwekwa jioni, jua likiwa limepoa. Sisimizi walivikuta kabla Mama Pacha hajamaliza kikombe cha chai. Baba Pacha, mikono imeoshwa kwa sabuni mpaka imekunjamana, alinyunyiza chambo kwa kikombe cha zamani, akizunguka kila kichuguu kwa mbali, naye mkewe akimwelekeza kutoka kwenye kiti. Huko umejaza mno. Hapo umeruka. Rudi nyuma, usikanyage. Fundi alijikuta anafurahia kuamriwa. Nyumba ilikuwa imekaa kimya kwa siku nyingi.

Kile cha kizingitini hakikuweza kungojwa, kilikuwa mlangoni hasa. Hicho kilipata sufuria la maji ya moto, akimwaga polepole kutoka mbali, miguu ndani ya gambuti, mkewe akiwa chumbani na mlango umefungwa. Kilihitaji kurudiwa mara kadhaa. Kisha akachanganya saruji, akauziba ufa, akaulainisha kwa mwiko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya hapo ilibaki kukaa, na muuzaji alikuwa amesema kweli. Mkono wa fundi uliwashwa kwa hamu ya beleshi. Kila asubuhi alikwenda kuangalia, kila asubuhi walikuwepo.

"Umewanunulia chakula," jirani alisema juu ya ukuta. "Hongera."

Lakini kila asubuhi Mama Pacha naye alitaka kuangalia, na hapangeweza kuangaliwa pasipo kutembea. Hadi kwenye tangi. Hadi kwenye kamba ya nguo. Mumewe alikuwa anapita kwanza na ufagio kuhakikisha njia ni salama, kisha anarudi kumchukua. Gambuti zikaachwa pole pole, kwanza ya kulia, kisha na ya kushoto. Wala hawakuzungumza habari za mazoezi. Walisema tu twende tukawaone wapangaji.

Wapangaji wakaanza kupungua. Kwanza wakawa wavivu. Kisha ukichokoza, wanatoka wachache, kama wamechelewa kupata habari. Kichuguu cha tangi kikaporomoka kwa upepo na hakuna aliyekuja kukijenga.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Baba Pacha yuko jikoni anakoroga uji, aliposikia mkewe anapiga kelele kutoka kwenye bomba.

"Ayaaa! Ayaa, Baba Pacha!"

Mwiko ukabaki kwenye uji. Alimkuta ameng'ang'ania bomba kwa mikono yote, uso umekunjamana, machozi yanamtoka, mguu wa kushoto umeinuliwa kidogo kutoka chini.

"Umeanguka? Umeteguka?"

"Ananiuma!" alilia. "Ananiuma, jamani, huyu mdudu ananiuma!"

Fundi alipiga magoti. Sisimizi mmoja tu, amejipachika kando ya kidole kidogo, mgongo ameukunja. Alinyoosha mkono amtoe.

"Usimtoe!" Mama Pacha alisema. Kisha akasema, "Mtoe! Mtoe, anaunguza! Ngoja. Ngoja kidogo. Haya mtoe."

Alimtoa. Alibaki pale chini ameushika ule mguu kwa viganja viwili, naye akaona haoni vizuri. Aling'oa jani la nyasi.

"Fumba macho," alisema. "Sema nikigusa."

"Hapo sijui. Hapo sijui." Jani likatambaa kwenye kisigino, kwenye unyayo, bila jibu. Likafika ukingoni. "Hapo! Kama... kama mtu anayeniita kutoka nyumba ya tatu. Hapo kipo kitu."

Akarudia. Ukingo ule, kutoka kidole kidogo kuja nyuma kidogo. Eneo lisilozidi upana wa vidole vyake viwili vya fundi. Akaligusa tena, na tena, na kila mara mkewe akaitika, wakaendelea mpaka harufu ya uji ulioungua ikawafikia.

"Uji wako," alisema Mama Pacha.

"Acha uungue."

Daktari wa mazoezi alipokuja hakuwaahidi makubwa. Alipapasa, akachora kwa kalamu mpaka wa pale panaposikia, akasema ni mwanzo, na kwamba sehemu nyingine huenda zikafuata na nyingine zisifuate. Alilicheka lengelenge moja la safari hii, kisha akakunja uso na kusema asisikie mtu amewatafuta sisimizi kwa ajili ya tiba. Mama Pacha akaapa kwamba hana mpango huo. Lengelenge lenyewe lilimwasha usiku kucha, na alimlalamikia mumewe kila alipogeuka, naye mumewe alilala anatabasamu gizani.

Mvua ziliponyesha na udongo kukauka tena, fundi alirudia chambo mara moja kama alivyoelekezwa. Uani pakatulia. Bado alikagua, kila Jumamosi, na fimbo ndefu.

Ndipo jirani alipotokea, safari hii getini, si juu ya ukuta. Amevaa soksi za mpira hadi magotini, mikono nyuma.

"Ile... ile njano yenu," alisema. "Inaitwaje?"

"Wamehamia kwako?" Baba Pacha aliuliza.

"Sijasema wamehamia. Nimeuliza jina."

Baba Pacha alitaka kumpa pakiti iliyobaki yamalizike, lakini mkewe alikuwa ameshasimama kutoka kwenye kiti.

"Mpaka nivione vichuguu vyenyewe kwanza," alisema. "Huenda ni siafu wa kweli. Na kama amevifukua kwa beleshi, atangoja watulie."

Jirani akatazama chini. Alikuwa amevifukua.

Kutoka getini kwao hadi getini kwa jirani kulikuwa na barabara ya vumbi na mtaro wenye daraja la ubao. Mama Pacha hakuwa amevuka geti kwa miguu yake tangu aondolewe kwa gari la wagonjwa. Baba Pacha alitangulia akaupima ubao kwa kuurukia, akarudi, akampa bega.

"Polepole," alisema.

"Nani kakwambia naharakisha?" alijibu, akaushusha mguu wa kushoto barabarani, akausikiliza, kisha akaleta wa kulia.